Filamu ya Dada Pasi

Redio ya chumba cha umaliziaji iliharibika, msimamizi akakataa kununua nyingine, na hapo ndipo mambo ya mapendekezo yalipoanzia. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya karakana ya kushona sare: za wanafunzi, za walinzi, za wauguzi. Mbele kulikuwa na vyerehani na makelele yake. Huku nyuma kulikuwa na kazi za mikono tu, kutia vifungo, kushona pindo, kukata nyuzi na kupiga pasi, kazi zinazoshughulisha vidole na kuuacha mdomo hauna la kufanya. Msimamizi, mama mtu mzima aliyeitwa Bibi Rula kwa sababu rula yake ya mbao haikumtoka mkononi hata akienda kunywa chai, alisema heri watu waambizane mambo ya maana kuliko kukaa kusengenyana. Akaweka utaratibu. Kila Jumatatu mtu mmoja anapendekeza kitu kimoja, kiwe wimbo, kitabu, filamu au picha ya kuchora. Kiwe kitu alichokiona au kukisikia mwenyewe. Anakisimulia mpaka katikati, anaishia hapo, na mwenye hamu akakitafute. Atakayetoboa mwisho atafagia chumba wiki nzima.

Kusengenyana hakukuisha, tuseme ukweli, ila kulipata mshindani.

Walikuwa wanne humo ndani. Ukimtoa Bibi Rula, kulikuwa na fundi wa vifungo waliyemwita Profesa, bwana mwenye miwani ya kusomea ambayo siku zote ilikaa kwenye paji la uso, na mwenye ugonjwa mmoja tu: hakuna kitu duniani ambacho hajakiona. Umtajie kitabu, amekisoma zamani. Umtajie wimbo, anamjua aliyepiga ngoma. Kulikuwa na binti wa pindo, ambaye jina lake la kazini lilikuwa Mdadisi, na hakuna aliyehitaji kuuliza lilitoka wapi. Na kulikuwa na mpiga pasi, mwanamke wa makamo aliyeletwa kutoka chumba cha ukataji miezi michache nyuma, mzito wa maneno, mwepesi wa mikono. Wenzake walimwita Dada Pasi. Hadithi hii ni yake.

Mwanzoni Dada Pasi aliyaona mapendekezo hayo kuwa mambo ya kitoto. Yeye alitoka kazini, alikwenda kwake, alikula, alilala. Televisheni hakuwa nayo. Kitabu cha mwisho alichokisoma kilikuwa cha shuleni, na hakukimaliza. Lakini zamu ya Bibi Rula ilipofika, mama yule alipendekeza picha iliyotundikwa katika ukumbi wa posta, picha ambayo Dada Pasi alipita chini yake mara nyingi asizoweza kuzikumbuka. Ni picha ya wanaume wawili wamebeba kioo kikubwa, wanavuka nacho barabara, na ndani ya kioo kile anaonekana mtu ambaye hayumo mahali pengine popote katika picha. Bibi Rula akauliza yule ni nani, kisha akanyamaza, akaendelea kupima urefu wa mikono ya mashati.

Swali lile lilimkaa Dada Pasi kooni. Jioni alipitia posta, akasimama chini ya picha mpaka mlinzi akamfuata kumuuliza anasubiri huduma gani. Alijibu kwamba hasubiri kitu, anaangalia tu, na jibu lenyewe likamshangaza. Kesho yake alifika kazini na maoni. Alisema yule wa ndani ya kioo ni mchoraji. Mdadisi akasema hapana, ni sisi tunaotazama. Profesa akasema anamfahamu mchoraji na kwamba yule ni shemeji yake. Walibishana hadi kola ya muuguzi mmoja ikaungua, na Dada Pasi akajikuta anacheka huku anaficha kola.

Tangu siku hiyo hakuachwa nyuma. Profesa alipopendekeza wimbo wa zamani na kusema wasisikilize mwimbaji, wasikilize gitaa la besi linavyojisemea lake huku nyuma, Dada Pasi aliusikiliza wimbo ule huku ameibana simu sikioni, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka besi ikajitenga na wenzake akaisikia peke yake. Mdadisi alipopendekeza riwaya ya mfagia barabara aliyeokota viatu vya watoto, Dada Pasi alijiandikisha maktaba ukubwani, akakisoma kitabu karibu na dirisha kwa sababu taa yake ilikuwa hafifu. Sasa alikuwa mtu wa kuangalia vitu. Na mtu akishazoea kuangalia vitu, hachagui tena cha kuangalia.

Maana dirisha lile lilitazamana na nyumba ya ng'ambo ya barabara, na katika nyumba ile, ghorofa ya pili, alikuwa amehamia mdogo wake.

Alimwona siku aliyohamia. Aliona kitanda kikishushwa kutoka kwenye gari, akaona mwanamke akielekeza wabebaji kwa kidole, akakijua kidole kile kabla hajaujua uso. Ndugu hawa wawili, wa tumbo moja, hawakuwa wamesemezana tangu mama yao alipozikwa. Mkubwa ndiye aliyemuuguza mama, miaka ile yote ya kumgeuza kitandani na kumlisha kwa kijiko. Mdogo alikuwa mbali, akafika siku ya mazishi na nguo za safari, akataka kukaa mkekani pamoja na wafiwa. Mkubwa akamwambia mbele ya watu wote, kwa sauti kavu: "Wewe kaa na wageni." Mdogo akainuka, akaenda kukaa na wageni, akakaa nao mpaka mwisho, kisha akaondoka bila kuaga.

Dada Pasi aliijutia kauli ile siku hiyohiyo. Lakini kujuta ni kitu kimoja na kuvuka barabara ni kitu kingine, na yeye alikuwa na kiburi cha mtu aliyechoka, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote. Alijiambia kwamba mdogo wake amepanga pale kwa bahati tu. Kisha alijiambia kwamba amekuja makusudi kumkebehi. Hakujua, na kutojua kulimsumbua kuliko ugomvi wenyewe. Kila asubuhi alisimama nyuma ya pazia na kikombe cha chai, akitazama kwa makini yaleyale aliyojifunza posta.

Zamu yake ya kupendekeza ilifika Jumatatu moja. Alikuwa amejiandaa. Alichagua wimbo mmoja wa harusi, akajizoeza kuueleza njia nzima. Lakini kabla hajafungua mdomo, Mdadisi, ambaye hakuwa na hili wala lile, alisema jirani yake amekesha akiupiga wimbo huohuo na kwamba atakayeutaja tena atamchoma sindano. Wote wakacheka. Dada Pasi akabaki na pasi mkononi na kichwa kitupu.

"Haya, dada," Bibi Rula alisema, "tunakusikiliza."

"Kuna filamu moja," Dada Pasi akajisikia anasema.

Alipouliza moyo wake filamu gani, moyo haukuwa na jibu. Ila mdomo ulikuwa umeshaanza, ukaendelea. Alisema kuna mwanamke mmoja anakaa peke yake, na siku moja anaona kitanda kinashushwa nyumba ya ng'ambo. Alisema mwenye kitanda ni mdogo wake waliyekosana msibani. Hakusema walikosana kwa neno gani. Alisema yule mkubwa anamfuatilia mdogo wake kwa nguo anazoanika: anajua anakaa peke yake, maana hakuna shati la mwanamume wala nguo ya mtoto, anajua kazi yake ni ya kusimama kutwa, maana soksi zake ni nene. Kisha siku moja kwenye kamba linaanikwa gauni la mama yao, lile ambalo mkubwa alilitafuta nyumba nzima baada ya mazishi asilione. Amelichukua lini? Amelichukua kwa uchungu au kwa mapenzi? Mkubwa hajui. Yuko nyuma ya pazia analitazama gauni likipepea, na mdogo mtu, huku anabana vibanio vya mwisho, mara anainua macho.

Profesa alishika kifungo hewani.

"Anainua macho, halafu?" Mdadisi akauliza.

"Katikati ni hapo," Dada Pasi alisema, akainamia suruali ya mlinzi kama mtu mwenye haraka.

Hakuwa amedanganya kwa sehemu hiyo. Asubuhi ileile mdogo wake alikuwa ameinua macho, na Dada Pasi akaliachia pazia kama limemuunguza. Zaidi ya hapo filamu haikuwa na kitu.

Waliuliza inaitwaje, akasema "Ng'ambo ya Barabara." Waliuliza ameiona wapi, akasema nyumbani. Profesa alitikisa kichwa taratibu, kwa namna yake ya mtu anayekumbuka jambo la zamani, lakini siku hiyo hakusema kitu.

Sasa ikaanza kazi ya kuitafuta, na hapo Dada Pasi akajionea maajabu. Mdadisi alikwenda kwa muuza filamu wa karibu na kituo. Muuza filamu, bila hata kupepesa, alimwambia filamu hiyo alikuwa nayo, imeisha, watu wanaigombania. Alikwenda maktaba. Mtu wa maktaba alimwambia filamu hawana, ila kitabu ilichotokana nacho wanacho, bahati mbaya kimeazimwa. Karani wa ofisini alipoulizwa, alisema aliitazama zamani, ni nzuri ila muziki wake unazidi. Mdadisi alileta habari hizi kazini moja baada ya nyingine, macho yanamng'aa, na kwa kila habari Dada Pasi alizidi kuinamia pasi yake. Alikuwa ametunga kitu kwa kubanwa, na sasa kitu kile kilikuwa kinatembea mjini, kina mashahidi.

Alianza na woga. Woga ukageuka udadisi. Jumamosi alimfuata yule muuza filamu mwenyewe, akamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali kama anaifahamu filamu ya ndugu wawili na barabara. Kijana akamjibu kwamba anaifahamu sana, angoje wiki ijayo, atamletea nakala safi. Dada Pasi akamuuliza inaishaje. Kijana akasema hawezi kumharibia raha. Dada Pasi alirudi kwake akijicheka, ila njiani kicheko kilikatika, kwa kuwa aligundua kwamba alipouliza inaishaje, aliuliza kwa dhati. Alitaka kujua. Angekuwa tayari kuamini jibu la mtu yeyote.

Kazini nako filamu haikutulia. Watu hawakuwa wameiona, lakini hilo halikuwazuia kutoa hukumu. Mdadisi alisema mdogo mtu ameshafanya sehemu yake, amehamia mpaka mlangoni kwa dada yake, anataka afanye nini tena. Bibi Rula alisema mkubwa ndiye aliyekosa. Dada Pasi akamuuliza amejuaje, na sauti ilimtoka juu kidogo kuliko alivyotaka.

"Mwenye haki anakaa dirishani," Bibi Rula alisema. "Huyu anajificha nyuma ya pazia. Anaogopa kuonwa."

Dada Pasi alinyunyizia maji shati lililokuwa tayari limelowa. Ilimuuma, na ilimuuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Wakati huohuo mambo ya ng'ambo yalikuwa yamebadilika. Tangu ile asubuhi ya kuinuliwa macho, kamba ya mdogo wake ilikuwa haina kitu. Dirisha lilifungwa. Jioni taa haikuwaka, au iliwaka chumba cha nyuma ambacho hakikuonekana. Dada Pasi alianza kuamka mapema zaidi, akitazama, na alichokiona ni vibanio vitupu vilivyobaki kwenye kamba. Labda amesafiri. Labda anaumwa. Labda ameona pazia likianguka, akaelewa alivyoelewa. Kila labda ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia, na zote alizibeba kwenda nazo kazini, akazipiga pasi.

Siku moja, kabla ya mapumziko ya chai, Profesa alivua miwani kwenye paji la uso, akaipangusa, akairudisha pale pale.

"Ile filamu nimeiona jana," alisema. "Kwa rafiki yangu. Nzima."

Mdadisi aliangusha sindano. Dada Pasi alinyanyua kichwa. Tumweleze Profesa kwa haki: hakuwa mtu mbaya. Wiki nzima alikaa katikati ya mazungumzo ambayo yeye hakuwa na neno la kusema ndani yake, na hali hiyo ilimtesa kama kiatu kinachobana. Mdadisi akamwangukia amwambie mwisho. Bibi Rula akamkumbusha ufagio. Profesa akasema ufagio si kitu, atafagia.

Akaanza. Alisema yule mkubwa anaendelea kutazama dirishani, siku baada ya siku, anajiambia atakwenda kesho. Nguo hazionekani kwenye kamba tena. Anasema kesho. Taa haiwaki tena. Anasema kesho. Mpaka asubuhi moja anaona gari limesimama chini, na kitanda kile kile kinashushwa, safari hii kinatolewa nje. Anashuka ngazi mbio na ndala za ndani, anavuka barabara, anapanda ngazi za ng'ambo. Mlango uko wazi. Ndani kuna wabebaji tu, wanakunja zulia.

Dada Pasi alijua kwamba ni uongo. Katika dunia nzima yeye peke yake ndiye aliyejua kwa uhakika kwamba Profesa hakuiona filamu hiyo jana wala siku nyingine yoyote. Neno moja lake lingemvua nguo bwana yule mbele ya wenzake. Na pamoja na kujua hivyo, aliiacha pasi ilipo, akasikiliza. Profesa hakuwa ameambiwa habari za taa wala za kamba tupu. Alizitunga kwa sababu ndivyo hadithi ya namna hii inavyokwenda ukiiacha ijiendee yenyewe.

"Alikwenda wapi?" Dada Pasi akauliza.

Profesa alimtazama kwa hofu. Alidhani amenaswa. Akasema filamu haisemi.

"Haisemi kabisa?"

"Filamu nzuri hazisemi kila kitu," Profesa alisema, ila kwa sauti ndogo.

"Na yule mkubwa? Alifanya nini?"

Profesa alizungusha kifungo kwenye vidole. Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo, na ilionekana kwamba jibu alilitoa kwa kulitazama akilini, si kwa kujigamba. Alisema yule mkubwa aliwauliza wabebaji kama wanahitaji msaada. Akakunja nao zulia. Kisha akarudi kwake, na filamu ikaisha.

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilijaa chumbani. Dada Pasi alikuwa ameisahau pasi juu ya mkono wa sare. Aliinyanyua, akaitazama alama ya kahawia. Mdadisi alikuwa anafuta macho kwa upindo aliokuwa anaushona. Bibi Rula hakulia. Alikuwa anamtazama mpiga pasi wake.

"Dada," alisema polepole, "si wewe uliyeiona kwanza? Mwisho wake hukuujua?"

Dada Pasi angeweza kusema neno lolote. Alitazama alama ya pasi.

"Sikuimaliza," alisema. "Niliishia katikati."

Bibi Rula aliweka rula mezani, jambo ambalo halikuonekana mara nyingi. Profesa alitaka kuongeza neno, Bibi Rula akamzuia kwa jicho.

"Nenda kaimalize," alisema. "Sare za walinzi zitasubiri."

Dada Pasi alichomoa pasi kwenye umeme. Alikunja aproni yake, akaikunjua, akaikunja tena, kisha akaiacha juu ya meza na kutoka. Nyuma yake alimsikia Mdadisi akiuliza anakwenda kuimalizia wapi saa hizi.

Njiani alitunga maneno. Alikuwa na maneno mazuri alipopita posta, na mazuri zaidi alipofika kwenye mtaa wao. Hakupanda kwake. Alijua akipanda atasimama nyuma ya pazia, na akisimama pale atasema kesho. Alivuka barabara, akapanda ngazi za ng'ambo, ambazo hakuwahi kuzikanyaga ingawa alizitazama kila siku, na akashangaa kuona zimepakwa rangi ya kijani, kwani dirishani kwake zilionekana za kijivu. Alipiga hodi. Alihesabu pumzi, akapiga tena. Ndani kukawa kimya, na wakati ule wa kimya alimwamini Profesa kwa moyo wake wote.

Kisha mlango ukafunguliwa.

Mdogo wake alikuwa amekonda. Alikuwa amejifunga shuka mabegani, macho mekundu ya mtu aliyelala na homa. Mvi zilikuwa zimemwanzia upande uleule zilikomwanzia mama yao. Alimtazama dada yake kuanzia usoni hadi miguuni, bila hasira na bila furaha.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kuna nini?"

Maneno yote ya njiani yalikuwa yamemtoka. Kilichobaki kilikuwa kile alichokizoea.

"Nimekuja kukusimulia filamu," Dada Pasi alisema.

Alitegemea mlango ufungwe. Mdogo wake aliegemea mwimo wa mlango, akavuta shuka shingoni, akangoja. Basi akamsimulia hapo hapo ukumbini, wamesimama, huku majirani wanapanda na kushuka. Alianzia kitanda kilipofika. Alisema habari za soksi nene, na za gauni, na za asubuhi macho yalipoinuliwa na pazia likaachiwa. Na safari hii alisema kile alichokificha karakanani: kwamba yule mkubwa, siku ya msiba, alimtoa mwenzake katika kilio cha mama yake mwenyewe, mbele ya watu, kwa neno moja, kwamba alijua ni neno baya, kwamba hakulirudisha kwa sababu alikuwa amechoka, na kuchoka kulimfanya aone kuwa mama alikuwa wake peke yake. Alilisema hilo akitazama sakafu. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Mdogo wake alikuwa amesikiliza bila kumkatiza. Alipoona amenyamaza, alikohoa kidogo, akajifuta pua kwa ncha ya shuka.

"Na yule mdogo mtu?" akauliza. "Yeye anasemaje?"

"Wapi?"

"Humo kwenye filamu yako. Anasema nini?"

Dada Pasi akaanza kuyatafuta maneno yake. Alirudi nyuma akaipitia filamu yote kichwani. Mdogo mtu ameelekeza wabebaji. Amefua. Ameanika. Ameinua macho. Watu wamemhurumia, wamemtetea, dada yake amempa homa na safari, na Profesa amemtoa mpaka na zulia lake. Lakini yeye mwenyewe, tangu mwanzo hadi hapo, hakuna aliyemfungua kinywa, na wa kwanza wa kutomfungua alikuwa Dada Pasi. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Hasemi kitu," alisema.

"Filamu nzima?"

"Nzima."

Mdogo wake alijitoa kwenye mwimo. Kisha akasogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu kupita.

"Ingia, dada," alisema. "Ana mengi, na mengine hutayapenda."

Dada Pasi aliingia. Mdogo wake alisukuma mlango kwa mgongo, akavuta kiti kimoja, akavuta cha pili kikatazamana nacho, na kabla hata hawajakaa vizuri akaanza.

"Kwanza," alisema, "huyo mdogo mtu alipokwenda kupanga pale, alijua nani anakaa ng'ambo."